Kosa nalo ni jibu

Kwa miaka mingi niliandika fanksheni (vipande vya programu vinavyopokea kitu na kurudisha jibu) zinazodanganya. Moja ilitafuta mtumiaji kwa namba yake, na tamko lake liliahidi mtumiaji. Asipopatikana ilirudisha null, yaani alama ya "hakuna kitu", kimyakimya. Siku moja programu ikaangushwa na null iliyozaliwa faili kadhaa nyuma ya pale ilipolipukia. Nilishinda kutwa nikifuata nyayo zake, na dawa yenyewe ikawa mstari mmoja tu. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, aliyebuni null mwaka 1965, baadaye aliiita kosa lake la dola bilioni moja.

Katika lugha ya programu ya Haskell, fanksheni inayoweza kushindwa hukiri tangu mwanzo:

    gawa :: Int -> Int -> Either String Int
    gawa _ 0 = Left "kigawanyo ni sifuri"
    gawa a b = Right (a `div` b)

Either maana yake ni ama hiki au kile: Left hubeba kosa, Right hubeba jibu zuri. (Kwa Kiingereza "kulia" na "sahihi" ni neno moja, basi mzaha ukanogea hapo.) Ukijaribu kujumlisha 3 na jibu hilo kabla ya kulifungua, kompaila, ile inayokagua na kutafsiri msimbo, inakukatalia.

Ila hatua zikiwa tano na kila moja ifunguliwe kwa mkono, msimbo unageuka ngazi. Hapo ndipo monadi, utaratibu wa kuunga hatua moja na inayofuata, inapookoa, na ukiivua jina lake la kutisha, kazi yote ya alama yake ya kuunga ni mistari miwili:

    Left e  >>= _ = Left e
    Right x >>= f = f x

Isome polepole. Likiingia kosa, fanksheni inayofuata haiguswi kabisa; kile kistari cha chini ni kusema "hata siitazami". Kosa linapita lilivyo. Likiingia jibu zuri, f anakabidhiwa x, naye f ana uhuru wake wa kufaulu au kushindwa. Kwa hiyo:

    soma matini >>= kagua >>= gawa 100

Ikishindwa kagua, gawa haiitwi. Ukaguzi niliokuwa nikiusahau umeandikwa mara moja, mahali pamoja. Lugha ya Rust ina alama ya ? tangu toleo 1.13 la mwaka 2016, inayofanya karibu yaleyale bila mtu kutishwa na neno monadi.

Kwenye kazi halisi siweki String upande wa kosa. Natengeneza aina yangu ya makosa, maana maandishi huwezi kuyapambanua bila kubahatisha.

Kuna mahali monadi inakera: fomu. Mtu amekosea jina, barua pepe na tarehe, nawe unamwambia kosa moja kila anapobonyeza. Ndivyo >>= ilivyo: f anamsubiri x, na x hayupo. Kwa kuwa sehemu za fomu hazitegemeani, tumia alama ya kuunga hatua zisizosubiriana, <*>. Lakini usidhani kubadili alama kunatosha. Either, hata kwa <*>, husimama kwenye kosa la kwanza. Unahitaji aina inayounganisha makosa, kama Validation, ambayo kwa makusudi haikufanywa monadi.