Si kila mlima ulitokana na volkano

Wengi wetu tulianza na Kilimanjaro darasani, tukabaki tukiamini kila mlima ni kazi ya volkano. Basi Table Mountain ya Cape Town, mita 1,085, mtu huidhania volkano iliyokatika kichwa. Kumbe ni mchanga. Ulirundikwa na maji, tabaka juu ya tabaka, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, ukashikamana kuwa jiwe gumu. Tabaka zenyewe zimelala karibu sawasawa, ndiyo maana kilele ni bapa. Pembeni pameliwa na mvua na mito.

Ukifika, tazama genge, yaani ukuta wa mwamba: mistari imepangana kama chapati kwenye sahani. Sogeza jicho karibu na jiwe: utaona chembe za mchanga, pengine na vikokoto vyeupe vya duara. Jiwe la volkano mara nyingi (si zote) huwa na vitundu vya gesi.