"Tainted Love" haikuandikwa na Soft Cell

Kila ukipigwa wimbo wa "Tainted Love" lazima mtu aseme aah hawa Soft Cell walijua kutunga, na hapo ndo watu wanakosea toka miaka ya 80. Mtunzi ni Ed Cobb, na wa kwanza kuuimba ni Gloria Jones, Mmarekani mweusi, ukatoka 1965 tena upande wa pili wa santuri, wala haukuhiti. Waliouokota ni madijei wa kaskazini mwa Uingereza, kule kwenye klabu za muziki wa soul ambako vijana walikesha wakicheza, ndo Dave Ball wa Soft Cell, kundi la watu wawili la Uingereza, akaujulia huko.

1981 yeye na mwenzake wa kundi, mwimbaji Marc Almond, wakaupunguza spidi, wakatoa matarumbeta na gitaa, wakabakiza vinanda vya umeme na ule mlio wa tink tink ambao ukiusikia tu umeshajua ni wimbo gani. Namba moja Uingereza, na Marekani ukakaa chati wiki 43!

Sasa kichekesho, upande wa pili nao wakaweka "Where Did Our Love Go" ya kundi la Supremes la Marekani, kwa hiyo hela ya utunzi hawakuambulia hata senti, si huku si kule.