Dhana potofu kuhusu kilimo cha maua kwa mkulima mdogo

"Maua ni ya matajiri wenye vivungulio." Dhana hii imezaliwa Naivasha, Kenya, ambako waridi hukuzwa chini ya plastiki na kuhifadhiwa kwenye vyumba vya baridi. Waridi la kuuza nje kweli linadai mtaji mkubwa. Lakini Kinangop, kaunti ya Nyandarua, wakulima wadogo hupanda arabikamu na mobidiki, maua ya kujazia shada, mahali pa wazi, jirani na viazi na kabichi. Arabikamu hupandwa kwa matunguu, yaani viazi-mizizi vinavyofanana na vitunguu, yanayozaana ardhini, kwa hiyo gharama nzito ya mbegu huwa ya msimu wa kwanza. Mobidiki ni mmea wa asili ya Afrika, na kinachouzwa hasa ni matawi yenye vitunda vilivyovimba kama puto.

"Yakikosa soko, ng'ombe watakula." Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Utomvu mweupe wa mobidiki una sumu, na arabikamu nayo ni hatari kwa mifugo. Kabichi ikikosa bei, familia itaila na ng'ombe atapata majani. Maua yaliyokataliwa hutupwa.

Na kukataliwa hakuhitaji kosa kubwa: bua fupi kuliko lililoagizwa, ua lililofunguka mapema, au mdudu aliyejificha, maana mazao ya kwenda nje lazima yapite ukaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea. Kwa hiyo mnunuzi atafutwe kabla ya kulima, na mkataba usomwe neno kwa neno. Nani analeta mbegu? Bei ni ya bua la urefu gani? Malipo yanafika baada ya siku ngapi? Mzigo ukikataliwa baada ya kuchukuliwa shambani, hasara ni ya nani? Mwenye robo eka ajiunge na kikundi, kwa sababu gari la mnunuzi halifuati mabua machache kwenye barabara ya matope.

"Pesa za maua ni za Februari tu." Tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, hupandisha hasa bei ya waridi jekundu. Maua ya kujazia shada huhitajika pia kwa arusi na mazishi, ambayo hayasubiri msimu.

Viazi na ng'ombe wa maziwa wabaki shambani. Usiku mmoja wa jalidi Kinangop unaweza kuunguza maua yote yaliyokuwa tayari kukatwa, na karo ya shule haitaahirishwa.