Berlin kwa miguu: kutoka Tendaguru hadi Brunnenstraße

Wageni ninaowatembeza Berlin, hasa wanaotoka Dar, Mombasa au Muscat, kwa kawaida hufika wameshapanga kuanzia Lango la Brandenburg. Pazuri, lakini pale mtu hahitaji mwongozaji. Mimi huwaanzishia Invalidenstraße, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde.

Ukumbini imesimamishwa mifupa ya dinosaria yenye kimo cha mita 13.27. Ilitoka Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiteketeza kusini, mamia ya wenyeji waliichimba. Wanasayansi walikuwa Wajerumani, ila msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba mifupa hiyo kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Watu wengi huitazama shingo. Mimi nakuomba utazame mfupa wa paja, kisha uwafikirie waliouchukua mabegani.

Ukitoka, fuata Invalidenstraße upande wa mashariki hadi Nordbahnhof. Angalia unapokanyaga: njia ya baiskeli mara nyingi imepita kandokando ya njia yako, na wenye baiskeli hawapunguzi mwendo.

Hapo inaanza Bernauer Straße. Ukuta ulioigawa Berlin kuanzia 1961 hadi 1989 ulipita hapa, na nondo ndefu zenye kutu zimesimikwa kuonyesha mstari wake. Nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini ukivuka kizingiti tu uko Magharibi. Agosti 1961 watu waliruka kutoka madirishani, na wako waliokufa. Ingia pia katika kanisa dogo la Versöhnung, lenye ukuta wa udongo ulioshindiliwa. Kanisa la awali lilibaki ndani ya eneo la mpaka, na mwaka 1985 serikali ya Mashariki ikalilipua.

Kata kulia Brunnenstraße, kuelekea Rosenthaler Platz, utafute namba 193. Mtaa huu namba zake hupanda upande mmoja hadi mwisho, kisha zinarudi kwa upande wa pili, hivyo usikate tamaa ukiona hesabu haiendi.

Mbele ya nyumba hiyo kuna jiwe la sentimita 10 kwa 10, juu lina bamba la shaba. Ni la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani angali mtoto. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe, wizara ikamkatalia. Akabaki, akahudumu mezani, akaigiza filamu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, na Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Kwangu mimi, Mswahili aliyefika Berlin bila kupita hapa hajaiona Berlin.

Njia yote ni kama kilomita 3. Usiende Jumatatu, makumbusho hufungwa. Siku nyingine panda treni ya U6 hadi kituo cha Afrikanische Straße. Karibu na hapo kuna barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu. Tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee.