Mguu Ukivimba Usikimbilie Kukandwa

Siku hizi kliniki yetu ya mifupa hapa Mombasa yapokea malalamiko ya aina moja, eti mtu alikuja na kidonda kidogo tu cha kidole akaambiwa alazwe, na kwamba madaktari wa sasa wanapenda kukata. Hatupendi. Tatizo ni kuwa mguu waletwa wiki ya tatu, ushakandwa, ushapakwa mafuta ya kila namna, fundi wa kukanda ashalipwa pesa zake, ndio mtu akumbuke hospitali.

Tuanze na kuteguka fundo la mguu, iwe ni mpira wa ufuoni ama umeruka kwa matatu kabla haijasimama. Watu wana imani kwamba ukiweza kutembea basi hujavunjika. Si kweli, wapo wanaoingia kwa miguu yao wenyewe kutoka steji na mfupa umevunjika. Sisi tunaangalia mambo mawili: waweza kupiga hatua 4, hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza upande wa nyuma wa ile mifupa miwili iliyotokeza kwa fundo, au mfupa wa ubavuni mwa wayo upande wa kidole kidogo, wauma pale pale kwa mfupa? Ikiwa hatua hazipigiki au mfupa wauma, njoo upigwe eksirei. Ikiwa sivyo, mara nyingi eksirei haihitajiki, kwa hivyo tafadhali usigombane na daktari akikwambia hivyo. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20, inua mguu, funga bandeji isiyobana, siku mbili tatu za kwanza maji moto na kukandwa weka kando. Kipimo hiki hakimfai mtoto mdogo, mlevi wala mwenye ganzi, hao waletwe tu.

Ukisikia kama umepigwa teke nyuma ya kisigino na hakuna mtu nyuma yako, kisha huwezi kusimama kwa vidole, huo ni mshipa mnene wa kisigino umekatika. Njoo siku hiyo hiyo.

Kisigino kinachouma asubuhi hatua za kwanza kisha chapoa ukizoea hakina haraka, ni utando wa chini ya wayo, na wengi wanapona kwa kunyoosha mguu kila siku na kuacha champali zilizoisha soli, ingawa yaweza kuchukua miezi. Ule "mfupa uliomea" unaoonekana kwa eksirei hata wasioumwa wanao.

Sasa kisukari, na hapa ndipo uvumilivu unaniisha. Sukari ikikaa juu miaka yaharibu mishipa ya fahamu na ya damu, mguu waingia ganzi, mtu akanyaga msumari asijue mpaka aone damu kwa sakafu. Halafu kwa vile hakuna maumivu asema si kitu, afungua kapsuli amwage unga kwenye kidonda. Jamani, unga wa kapsuli si dawa ya kidonda. Na mguu wa mwenye kisukari ukivimba ukawa moto, hata bila kidonda, huo si upepo na wala hukukanyaga tego la mtu, yaweza kuwa mifupa ya ndani yavunjika. Kila usiku tazama nyayo zako, ukishindwa kuinama tumia kioo ama mwambie mjukuu. Maji ya kuogea yapime kwa kiwiko, na usitembee peku juani saa saba, unaungua bila kujua. Wanaotia udhu, sisemi msitie, ila kausheni katikati ya vidole, kwa sababu unyevu ule waleta fangasi, ngozi yapasuka, na wadudu waingilia hapo. Kidonda, weusi, usaha au harufu: siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Utaratibu sasa. Jisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa *147#, kujisajili ni bure. Sugu, kucha iliyoingia ndani na fangasi anza zahanati ama kituo cha afya cha karibu, wakishindwa watakuandikia barua ya rufaa. Matibabu ya hospitali kubwa yanataka mchango wako uwe umelipwa, kusajiliwa peke yake hakutoshi. Ukigongwa na boda tibiwa kwanza, kisha ripoti polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha yako. Ukiumia kazini, bandarini au kwa godauni, mwambie mwajiri mara moja, kwani Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya 2007 yampa siku 7 kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na dai lapaswa kupelekwa ndani ya miezi 12. Mfupa uliotoka nje, ama mguu uliopoa na kubadilika rangi baada ya ajali, hauhitaji barua ya mtu, nenda kasualti moja kwa moja. Wengine wote njooni na kitambulisho na barua yenye muhuri, na ukirudishwa dirishani usimfokee dada wa rekodi, si yeye aliyetunga utaratibu.