Je, wajua kwa nini mafuta ya ndimu huacha madoa meusi ngozini hata siku ya mawingu?

Kwenye saluni nyingi za Nairobi utaambiwa hivi: ukijipaka mafuta kisha ukatoka nje, jua linayapasha moto na ngozi inakaangika. Kwa hiyo mtu akifanyiwa masaji ya kutuliza mwili kwa mchanganyiko wenye mafuta ya kunukia ya ndimu, akapanda matatu kurudi nyumbani, na siku mbili baadaye akaona michirizi myeusi mkononi, lawama huenda kwa joto. Wengine husema ni aleji. Wengine husema mafuta yalikuwa feki, jambo ambalo mjini hapa halishangazi, lakini si lazima.

Joto halihusiki. Safu nyembamba ya mafuta juu ya ngozi haiwezi kupata moto wa kukaanga kitu kwa jua tu. Ungekuwa umeshakimbilia kivulini zamani. Na kama kosa lingekuwa la mafuta kwa sababu ni mafuta, basi mafuta ya nazi yangekuwa yameshaunguza Pwani nzima, maana Mombasa ni joto kuliko Nairobi na nazi inapakwa huko kila siku. Upande wa pili, anayekamua ndimu za juisi akiwa juani anaweza kupata malengelenge na madoa yaleyale bila kushika chupa yoyote ya mafuta.

Aleji nayo haitoshi kueleza. Mwenye aleji ni lazima mwili wake uwe ulikutana na kitu hicho awali, ukakikariri, ndipo siku nyingine ukikatae. Hili la ndimu laweza kumpata yeyote, mara ya kwanza kabisa, mradi kiasi na mwanga vimetosha. Tena halisambai. Doa hutokea pale tu mafuta yalipofika na mwanga ukafika, ndiyo maana huchora njia ya tone lililoteremka au alama za vidole vya aliyepaka. Mwaka 1916 daktari aitwaye Freund aliandika kuhusu mabaka ya namna hii kwa watu waliojipaka manukato yenye mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya michungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Ni lile linaloipa chai ya Earl Grey harufu yake.

Mhusika ni kundi la kemikali zinazoitwa furanokumarini, na maarufu kati yake ni bergapteni. Mimea huzitengeneza kujikinga na wadudu na kuvu. Zimo kwenye maganda ya ndimu na bergamoti, na hata kwenye utomvu wa mtini.

Aliyewahi kupaka kucha za jeli ataelewa haraka zinavyofanya kazi. Rangi ile ikishapakwa hubaki mbichi. Ukibadili nia unaifuta, na ukucha unarudi ulivyokuwa. Ukiipulizia feni, haikauki. Lakini ukiingiza mkono kwenye ile taa ndogo ya zambarau, mwanga wa UVA, miale isiyoonekana ambayo jua nalo huitoa, unaziamsha kemikali zilizomo, zinashikana, na baada ya dakika moja hivi haitoki ila kwa asetoni au kukwanguliwa. Bergapteni huenda hivyohivyo. Ikipenya ndani ya seli, molekuli yake iliyo bapa hujichomeka katikati ya nyuzi mbili za DNA. Gizani inakaa tu, mbichi, na inaweza kutoka bila kudhuru chochote. UVA ikiifikia, inaushika uzi mmoja. Mwanga ukiendelea, inaushika na wa pili. Sasa nyuzi ambazo seli huzitenganisha kila inapotaka kujinakili zimegandishwa pamoja, na asetoni ya kuzibandua haipo. Seli hujaribu kujitengeneza, nyingine hufa, ngozi hutuna, na mwili huongeza rangi nyeusi mahali pale.

Yote haya huchukua muda. Wekundu na malengelenge hufikia kilele baada ya siku mbili au tatu, wakati ambapo aliyepaka ameshasahau chupa na anamshuku mtu wa kuuza samaki. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu unaweza kupita bila kuonekana, na dalili ya kwanza ikawa doa lenyewe, ambalo hudumu majuma au miezi. Picha nyingi za vitabu vya magonjwa ya ngozi ni za watu weupe, kwa hiyo si ajabu likaitwa jina jingine.

Basi kuhusu mawingu. UVA hupenya mawingu mepesi kwa urahisi, na hupita pia kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, ilhali UVB, ile inayounguza haraka, huzuiwa na kioo. Nairobi iko mita zipatazo 1,795 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na miale hii huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Asubuhi ya Julai yenye baridi kwenye Barabara ya Thika, mkono ulioegemea dirisha la matatu bado unaoga UVA.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba bergapteni hainukii wala hairuki hewani. Harufu ya ndimu hupotea baada ya saa chache na mtu hudhani mafuta yamekwisha. Kilichobaki ngozini ndicho chenye kesi. Kwa sababu hiyohiyo, mafuta ya ndimu yaliyotolewa kwa mvuke hayaleti madoa haya: harufu hupanda na mvuke, bergapteni hubaki chini na maganda. Yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda bila moto huja nayo. Tunda moja, harufu zinazokaribiana, matokeo tofauti kabisa.

Bergamoti iliyoondolewa kemikali hizi huuzwa ikiwa na herufi FCF kwenye lebo. Isiyoondolewa, IFRA, chama cha kimataifa cha watengenezaji wa manukato, kimeiwekea ukomo wa asilimia 0.4 kwenye vitu vinavyobaki ngozini. Kwenye chupa ya mililita 50 ya mafuta ya kuchanganyia, hayo ni matone manne hivi. Lavenda na mkalitusi hazina tatizo hili, ingawa lavenda iliyokaa wazi muda mrefu hubadilika kwa hewa na kuweza kuleta aleji, safari hii aleji ya kweli. Wanaojisugua ndimu usoni ili kuondoa madoa wanacheza mchezo mbaya zaidi.

Mwangaza huu si adui kila mara. Misri, katika miaka ya 1940, daktari Abdel Monem El Mofty alitumia mmea wenye kemikali za kundi hili pamoja na jua kutibu mbalanga, na tiba ya aina hiyo, kwa taa badala ya jua, bado iko hospitalini.

Aliyekwisha kupaka aoshe kwa sabuni kabla ya kutoka. Sabuni huondoa kilicho juu, si kilichopenya, kwa hiyo shati la mikono mirefu lina kazi kwa muda wa saa 12 zinazofuata.