Kuhifadhi kazi hakuui Ctrl+Z

"Fundi, sikusevu makusudi."

Wiki iliyopita maneno haya yalitoka kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, laptopu mkononi, betri yake ilishakufa zamani. Umeme ulikatika saa tatu usiku, na sura nzima ya tasnifu ikaondoka nao. Alikuwa ameandika tangu alasiri bila kuhifadhi hata mara moja. Aliambiwa na wenzake kwamba ukishasevu, huwezi tena kutendua, yaani kurudisha nyuma ulichofanya kwa Ctrl+Z: kosa linabaki kosa, Ctrl+Z imekufa. Kwa hofu hiyohiyo alikuwa amezima hata ile nakala ya dharura ambayo Word huitunza yenyewe kila dakika 10. Nilipekua kila mahali pa kupekua, sikupata kitu.

Kila muhula napokea watu wa namna hii, na kila mara inaniuma, kwa sababu kinachowaponza ni imani isiyo ya kweli.

Ukweli ni huu. Kila unapoandika, kufuta au kukoleza maandishi, programu inaliweka tendo hilo kwenye orodha iliyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Orodha hiyo hupangwa kama chapati ndani ya hotpoti: iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Ctrl+Z huchukua ya juu kabisa na kulirudisha nyuma tendo lake. Kuhifadhi ni shughuli nyingine. Programu inaandika nakala ya maandishi yako kwenye diski, basi. Katika Word hata LibreOffice Writer, haigusi ile orodha.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Fungua faili jipya, andika maneno matatu, hifadhi, kisha bonyeza Ctrl+Z. Maneno yanaondoka. Bonyeza Ctrl+Y, yanarudi. Nimelifanya jaribio hili mbele ya wateja mara nyingi, na bado wapo wanaonijibu, "Labda kwenye kompyuta yako." Ndiyo maana siku hizi nawaachia wao kibodi.

Kinachofuta historia ni kufunga faili. Nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya. Mtu anahifadhi na kufunga papo hapo, kesho anafungua, anabonyeza Ctrl+Z, kimya. Analaumu kusevu, kumbe mkosaji ni kufunga. Tena wazee wa kazi walikuwa na sababu: Excel hadi toleo la 2003 kweli ilikuwa inafuta historia ya kutendua kila ulipohifadhi. Tabia hiyo iliachwa katika toleo la 2007, lakini karani aliyejifunza zamani kamfundisha mdogo wake, mdogo wake kawafundisha wa steshenari, na mpaka leo wanafunzi wanaandika masaa sita bila kuhifadhi.

Kwa hiyo hifadhi. Ctrl+S kila unapomaliza aya, mkono uzoee wenyewe. Na kila asubuhi kabla hujagusa chochote, hifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe: sura3-14Machi, sura3-15Machi. Utakapotaka aya uliyoifuta juzi, Ctrl+Z haitakusaidia, faili la juzi litakusaidia. Mafaili ya maandishi ni madogo, hayajazi diski. Ile nakala ya dharura nayo iwashe, ila usiitegemee, maana ndani ya dakika 10 mwandishi mwepesi anamaliza ukurasa.

Dhana nyingine inayofuata kwa karibu: "Nikirudi nyuma sana, nitarudi mbele kwa Ctrl+Y wakati wowote." Hapana. Ukishatendua hatua 20 kisha ukaandika hata herufi moja, zile hatua 20 za mbele zinafutika. Ukitaka kuokoa aya ya zamani, rudi nyuma mpaka uione, inakili kwa Ctrl+C, na usibonyeze kingine chochote. Kunakili hakubadilishi waraka, kwa hiyo njia ya mbele bado iko wazi. Bonyeza Ctrl+Y mpaka ufike mwisho, ndipo ubandike. Vijana wanaoandika programu kwa Vim, kihariri cha maandishi, wao wamepona: humo historia ina matawi kama mti, njia uliyoiacha haipotei. Na tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010, ukiiagiza, Vim hutunza historia hiyo hata baada ya kufunga faili.

"Ctrl+Y ya kompyuta yangu imeharibika, inaongeza vitu." Haijaharibika. Katika Word, kama hakuna kilichotenduliwa, Ctrl+Y hurudia tendo la mwisho. Ni msaada mkubwa ukiwa na vichwa vya habari 30 vya kukoleza.

"Excel inatendua kila kitu." Inatendua hatua 100, si zaidi. Ukifuta shiti nzima, Ctrl+Z hairudishi. Ule ujumbe wa onyo unaojitokeza uusome kabla ya kubonyeza. Ukiendesha makro (amri nyingi zilizofungwa pamoja zijiendeshe zenyewe) inayobadilisha shiti, historia yote ya nyuma inafutika pia. Watu wa mishahara, hifadhini kabla ya makro.

"Mwenzangu kafuta kazi yangu Google Docs, nimebonyeza Ctrl+Z hairudi." Humo Ctrl+Z hutendua ya kwako tu, haigusi ya mwenzako. Nenda kwenye historia ya matoleo, chagua saa ambayo kazi ilikuwa nzima, irejeshe. Hapa hakuna kilichopotea, na huhitaji kunilipa.

Na la mwisho, kwa kuwa nimeulizwa jana: kitufe cha kutendua kwenye Gmail hakiendi kuichomoa barua kwenye sanduku la mwenzako. Gmail huichelewesha tu kabla ya kuituma, sekunde 5 usipobadilisha mpangilio. Zikipita, imeondoka. Ingia kwenye mipangilio uweke 30, ndicho kiwango cha juu.